Anayekushika Mkono Asikushikie Mfuko

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, Kanoni

Kamati iliniomba, kwa kuwa nilifanya kazi ya kaunta benki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nizungumze juu ya namna ya kulinda fedha za wale miongoni mwetu ambao ni rahisi kudhulumiwa. Wazee, wajane, wasiojua kusoma, wagonjwa, na kila mama ambaye fedha yake ina mwenyewe mwingine nyumbani. (Kicheko)

Mnacheka kwa sababu mnaelewa. Basi nitasema kwa lugha ya kwetu, bila kuzunguka.

Miaka kumi ya sanduku

Ndugu wanachama, miaka kumi si haba. Vikundi vingi huanza kwa shangwe, na siku ya kugawana ikifika watu hawasalimiani tena. Ninyi mmefika hapa, na sababu moja ninaiona pale mezani: sanduku lenye makufuli matatu, na funguo zake zimeshikwa na akina mama watatu tofauti.

Utaratibu huu umetoka mbali. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kazi na akina mama wa vijijini huko Niger, Afrika Magharibi. Walianza kuweka akiba kidogo kidogo na kukopeshana wao kwa wao, bila kusubiri benki. Mtindo ule ukasambaa nchi nyingi, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara, na sisi tukauzoea kwa jina la VICOBA. Kila ulikopita, jambo moja halikubadilika: fedha huhesabiwa mbele ya wote, na hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua sanduku peke yake.

Kwa nini makufuli matatu? Je, mweka hazina wenu ni mwizi? Hapana. Makufuli yale yanamlinda hata yeye mweka hazina, asije akashukiwa, wala asije akabanwa na ndugu zake usiku wakamwambia fungua. Hakuna aliyetukanwa na kufuli.

Sasa swali langu la leo ni hili. Fedha ikiwa ndani ya sanduku ina makufuli matatu. Ikishatoka, ikaingia kwenye kitambaa cha mama, au kwenye simu yake, au kwenye akaunti yake benki, ina makufuli mangapi? Mara nyingi haina hata moja. Na anayeichukua si jambazi wa njiani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mnyonge ni nani?

Tusidhani kwamba mnyonge ni bibi kizee peke yake. Kila mmoja wetu ana msimu wake wa unyonge. Mwalimu mwenye cheti ni mnyonge siku mumewe yuko mahututi hospitali na anatakiwa kulipa. Mfanyabiashara hodari ni mnyonge wiki ya msiba, wakati watu wote wanasema yeye ndiye mwenye hela. Na hapa kwetu Karagwe, na kwa wenzetu wa Kyerwa ambao mpaka mwaka 2012 tulikuwa wilaya moja, mama mkulima ni mnyonge kila mwezi wa kwanza.

Mwezi wa kwanza kahawa iko bado mtini. Mtoto anatakiwa shule, anadaiwa sare, madaftari, na kama ni wa bweni, godoro na ndoo. Karo ya sekondari za Serikali ilifutwa, lakini mahitaji hayakufutwa. Hapo ndipo anapokuja mtu na fedha mfukoni, anasema, "Mama, mimi nitakusaidia."

Butura mnaijua. Sina haja ya kuwafundisha. Mama anauza kahawa ikiwa maua au punje za kijani, kwa bei ya mwenye shida. Mavuno yakija, anaivuna kwa mikono yake, anaianika, anaikusanya, halafu anaitazama ikibebwa na mtu mwingine. Serikali imeipiga vita butura mara nyingi, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya mkoa huu inunuliwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Hatua ile ilikuwa na maana. Lakini tuseme kweli, amri haimlishi mtoto mwezi wa kwanza. Mahali ambapo mama hana pengine pa kukopa, butura hufanyika usiku.

Naianza na butura kwa sababu ndani yake mna kila kitu cha dhuluma ya fedha. Kuna mtu mwenye shida. Kuna mwingine anayemfahamu vizuri, anajua shida imefika lini. Kuna haraka. Kuna siri. Na kuna neno "msaada". Mkisikia haya manne, shida, haraka, siri na msaada, yamekaa pamoja, simameni.

Sura nyingine za jambo hilo hilo

Butura ina ndugu zake. Wa kwanza ni mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Tuseme mama anapewa shilingi 100,000, naye alipe 5,000 kila siku kwa siku 26. Hesabu hiyo haihitaji darasa: amelipa 130,000 kwa muda usiofika hata mwezi. Na pale mwanzo labda alikatwa "ya fomu", kwa hiyo mkononi hakupata laki nzima. Akikosa siku mbili, wanakuja kubeba televisheni, au cherehani yake anayofanyia kazi.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018. Ilizipanga huduma hizi katika madaraja manne, na kikundi kama chetu kiko daraja la nne na kinasajiliwa kupitia Halmashauri. Wakopeshaji wasiopokea akiba wako daraja la pili, ni lazima wawe na leseni, na Benki Kuu iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Yaani kwa laki moja, riba ya mwezi ni shilingi 3,500. Linganisheni na ile 30,000. Kwa hiyo mtu akija na mkopo, swali la kwanza lisiwe "utanipa ngapi". Liwe "leseni yako iko wapi, na mkataba nitapewa nakala?" Mwenye leseni atakuonyesha. Asiye nayo atakasirika.

Ndugu wa pili yuko ndani ya simu. Vijana wetu wanakopa kwa programu za simu, mkopo unaingia dakika tano, lakini programu hiyo imeshachukua majina yote yaliyomo kwenye simu. Siku ya kuchelewa kulipa, mama mkwe anapata meseji kwamba wewe ni tapeli, na shemeji anapata, na mchungaji anapata. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Sitini na tisa, jamani. Na aibu ile ya meseji imewafanya watu wakope kwingine ili kulipa huku, mpaka shimo likawa kisima.

Wa tatu ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nadhani hakuna simu hapa ambayo haijapokea meseji hiyo. Mwingine anapiga, anajiita mtoa huduma, anasema laini yako itafungwa, nitajie namba yako ya siri. Tuelewane: benki haiulizi namba ya siri, kampuni ya simu haiulizi, wala Serikali haiulizi. Namba iliyotumika kwa utapeli ipelekwe kwa meseji kwenda 15040, ndiyo namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Vilevile bonyezeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokuja, kuna watu wameweka kidole mara mbili au tatu kwa kuambiwa "mama, haijasoma, rudia", kumbe kila kidole ni laini ya mtu mwingine.

Wa nne anakuja na Biblia mkononi, na hapa naomba viongozi wetu wa dini mniwie radhi. Wakubwa kati yetu mnakumbuka DECI. Watu walitoa fedha ikaitwa mbegu, wakaahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi baada ya muda mfupi. Wa mwanzo walivuna kweli, kwa sababu walilipwa kwa mbegu za waliokuja nyuma. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha, na waliouendesha wakafikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Waliokuwa wameuza mbuzi na viwanja ili wapande, hawakuvuna. Mkulima wa Karagwe anajua kwamba mgomba hauzai wiki ya kupandwa. Fedha nayo haina miujiza hiyo.

Yule wa nyumbani

Wote hao niliowataja ni wageni, au nusu wageni. Sasa nije kwa yule mgumu kumsema.

Pale kaunta nilijifunza kutazama mikono. Bibi anakuja na kijana. Kijana ndiye anayezungumza. Kijana ndiye anayeshika kitambulisho, anajaza fomu, anasema kiasi. Bibi kazi yake ni dole gumba. Nikihesabu fedha, mkono unaonyooka kupokea ni wa kijana. Mara nyingi kijana huyo ni mtoto mwema kabisa, amemtoa bibi yake mbali, amemlipia nauli, anahangaika naye. Lakini mara nyingine sivyo, na kwa kutazama tu huwezi kujua. Hapo mfanyakazi wa benki anatakiwa afanye jambo dogo: amwombe kijana akae benchi, amsogelee bibi, amwulize kwa lugha anayoielewa, "Bibi, leo unatoa kiasi gani? Cha nini?" Nimewahi kumwuliza bibi hivyo akanijibu, "Mimi sijui, wamesema nije niweke kidole."

Jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Hakulazimishwa kwa panga. Hakupigwa. Amezoea tu kwamba fedha yake ni habari ya watu wengine.

Na hali hiyo haiko benki tu. Iko kwa wakala, pale mama anapompa simu na namba ya siri, "nitolee mwanangu, mimi sioni vizuri". Ilikuwako hata kwenye fedha za TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini uliotekelezwa nchini tangu mwaka 2012: fedha inatolewa kwa jina la bibi, lakini akifika nyumbani imeshapangiwa kazi na wengine. Iko kwenye fedha ya kahawa ikilipwa kwa akaunti ya baba ilhali aliyepalilia na kuvuna ni mama. Na iko humu kwenye vikundi: mama anakopa, baba anatumia, mama analipa. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, kwa sababu tunaambiwa ni mambo ya ndani.

Akina mama, sheria haisemi ni mambo ya ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo benki au mkopeshaji akikuletea karatasi ya rehani usaini, ujue anahitaji ridhaa yako, na ridhaa ni pamoja na kukataa. Usisaini usichosomewa.

Na kwa upande wa ardhi, jamani, mkoa wetu wa Kagera una historia. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kusema mila hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ile inambagua mwanamke na inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mama yule hakuwa na kikundi wala semina. Alikuwa na shamba lake na msimamo wake. (Makofi)

Benki inadaiwa nini

Sisemi haya ili muikimbie benki. Sanduku lina mwisho wake. Fedha ikiwa nyingi haifai kulala nyumbani kwa mtu, ni kumweka mama huyo hatarini. Lakini mwende mkijua mnachostahili.

Mnastahili kusomewa mkataba kwa lugha mnayoielewa na kupewa nakala. Mnastahili kuambiwa makato yote kabla, si baada. Asiyejua kuandika asionewe aibu. Huko India, mjini Ahmedabad, mwaka 1974 akina mama wauza mboga na mafundi wa mikono walianzisha benki yao, SEWA, chini ya uongozi wa mama Ela Bhatt. Walikuwa wanawake 4,000, kila mmoja na rupia kumi. Wengi hawakujua hata kuandika jina. Benki haikusema warudi wakasome kwanza. Iliwapiga picha, kila mama na namba yake, picha ikawa saini. Tatizo halikuwa akina mama kutojua kuandika. Tatizo lilikuwa benki za wakati ule kutojua kusoma uso wa mtu.

Uingereza nako, mwaka 2016 mabenki na polisi walikubaliana utaratibu: mfanyakazi wa kaunta akiona mzee anatoa fedha nyingi kwa namna ya kutia shaka, anazungumza naye pembeni, na ikibidi anaita polisi papo hapo. Na mwaka 2021 nchi hiyo ikaandika katika sheria yake ya ukatili wa majumbani kwamba kumbana mtu kiuchumi nako ni ukatili. Kwa hiyo msidhani jambo hili ni la watu maskini au wasiosoma. Liko kila mahali penye mzee mwenye fedha na ndugu mwenye haraka.

Ukidhulumiwa katika benki ya hapa kwetu, anza na benki yenyewe, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Wasipokusikiliza, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, na tawi lake la kanda yetu liko Mwanza. Kikundi kinaweza kumsaidia mwanachama kuandika barua hiyo. Barua ya mjane peke yake inaweza kukaa mezani. Barua yenye muhuri wa kikundi inajibiwa upesi.

Jambo la mwisho juu ya benki. Wengi mnakumbuka tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ilipofunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha. Miongoni mwake ilikuwamo Kagera Farmers' Cooperative Bank, ya hapa mkoani, na Covenant Bank for Women, iliyobeba jina la wanawake. Jina zuri halilindi amana. Kinacholinda ni bima. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mteja mpaka shilingi 1,500,000, na baadaye kiwango kilipandishwa mpaka 7,500,000. Kwa hiyo ulizeni kila mnapoweka fedha: je, hapa pana bima ya amana? Benki yenye leseni, ipo. Kwa mtu aliyekuja na pikipiki na daftari, haipo.

Nasi tujitazame

Mama Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme na hili. Tusinyooshe vidole kwa benki na kwa wanaume tu. Katika nchi hii kuna vikundi vya akina mama ambavyo mwenzao akishindwa rejesho, wanachama wanakwenda nyumbani kwake kwa nyimbo, wanabeba sufuria, wanabeba godoro ambalo watoto wanalilalia, wanabeba jembe. Wanaofanya hivyo ni wanawake, na wanajua jinsi sufuria ile ilivyopatikana. Basi tofauti yao na kausha damu ni nini? Ukimnyang'anya jembe, umemwambia asilipe kamwe.

Na kuna kosa jingine, la upande wa pili. Kuna watu wakishasikia habari za kulinda wazee, wanasema, basi bibi fulani asitoe fedha bila mwanawe kusaini, fulani asikopeshwe, amezeeka, atadanganywa. Hapana. Huko ni kumdhulumu kwa jina la kumlinda. Mzee si mtoto. Akitaka kutoa hisa zake zote amnunulie mjukuu baiskeli, ni zake. Sisi tunachotakiwa kuhakikisha ni kwamba ameamua mwenyewe, amejua hesabu, na hakuna aliyemsimamia nyuma ya bega. Tukishahakikisha hayo, tumpe fedha yake na tumtakie kila la heri.

Mapendekezo

Kamati imeniambia kwamba mchana, baada ya chakula, mkutano mkuu utajadili marekebisho ya katiba ya kikundi. Naleta mapendekezo matano, myachambue.

Kwanza, daftari lisomwe. Kila mwanachama asiyesoma achague mwenyewe msomaji wake, na mwanachama wa pili awe shahidi wa kilichosomwa. Awe huru kumbadilisha msomaji siku yoyote bila kutoa sababu. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini na daftari usilosomewa ni sawa na kutokuwa nalo.

Pili, anayeomba mkopo mkubwa aulizwe akiwa peke yake, na akina mama wawili wa Kamati. Maswali yawe matatu tu: fedha hii itafanya kazi gani, itashikwa na nani, na itarudishwa kutoka wapi. Akisema kwa kusitasita, maombi yalale mpaka kikao kijacho. Sababu ya kulala isitangazwe. Mume akiuliza, ajibiwe kwamba ni utaratibu wa katiba kwa wote. Hapo kikundi kinabeba lile "hapana" ambalo mama hawezi kulisema nyumbani. Shida ya ugonjwa isisubiri, ndiyo kazi ya mfuko wa jamii.

Tatu, uwekwe mfuko wa mwezi wa kwanza. Sehemu ya faida isigawanywe yote, itengwe kwa ajili ya mikopo midogo ya kipindi kahawa iko mtini, na marejesho yake yaanze mavuno yakianza. Mkopo huo uwe wa kwanza kwa mwanachama ambaye ameshafuatwa na mtu wa butura. Tukiweza hili tutakuwa tumefanya zaidi ya hotuba mia moja, na hii ya kwangu ikiwemo. (Makofi)

Nne, kikundi kisibebe kamwe chombo cha kupikia, kitu cha kulalia, wala chombo cha kazi cha mwanachama. Rejesho likishindikana, hisa zake zitumike, wadhamini waitwe, ratiba ipangwe upya. Na iandikwe katika katiba, isibaki kauli ya mdomo, kwa sababu siku ya hasira kauli ya mdomo husahaulika.

Tano, wasindikizaji. Mwanachama mzee, mgonjwa au mjane anayekwenda benki au kwa wakala kupokea kiasi kikubwa, aweze kuomba mwenzake wa kikundi amsindikize. Achague mwenyewe majina mawili. Msindikizaji asijue namba ya siri, asibonyeze simu, asishike fedha. Mwenyewe abonyeze, hata kama atachukua dakika kumi. Wakala asiye na dakika kumi, tumwache, tutafute mwingine. Kazi ya msindikizaji ni kuwepo, kusikia, na kukumbuka kiasi kilichotajwa.

Mtaona katika yote matano hakuna panapohitajika fedha nyingi, wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Ni yale yale makufuli matatu, tumeyatoa kwenye sanduku tukayapeleka mpaka kaunta, mpaka kwa wakala, mpaka shambani. Kuna atakayesema tunaingilia ndoa za watu. Mimi nasema mwenye nia njema haogopi shahidi, kama mweka hazina wetu asivyoogopa kufuli.

Ndugu wanachama, mwanachama akihitaji msaada, apewe. Asiyeona vizuri asomewe, asiyeweza kutembea asindikizwe. Lakini anayekushika mkono asikushikie mfuko. Mkono ni msaada, mfuko ni wako. Tukiweza kuvitofautisha hivyo viwili, mabinti zetu wataona kwamba kuomba msaada si kupoteza mali.

Mwisho kabisa, nawapongeza waanzilishi, hasa wale waliokuwa wakija kikaoni kwa miguu na hisa moja mkononi, na wale waliotangulia mbele ya haki kabla ya siku hii. Hisa zao zilizolipwa kwa warithi waliowaandika wenyewe ni ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Nawatakia mkutano mwema, na nawaomba mpige kura kila mmoja kwa akili yake, bila kutazama mkono wa jirani.